Ungo Ukutani

Dishi la satelaiti lilipoanza kuonekana juu ya mapaa ya pwani, watu walilipa jina wasilolikopa kwa mtu: ungo. Jina lilisibu umbo. Ila ungo wa kupetea hukaa popote penye upepo, na ungo huu una kibla chake. Satelaiti za matangazo huzunguka juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, kwa mwendo ule ule wa dunia, hata zikaonekana kama zimetundikwa pale pale mbinguni. Arthur C. Clarke alilieleza wazo hilo katika makala ya mwaka 1945, miaka 12 kabla ya satelaiti ya kwanza kurushwa.

Mkaazi wa Unguja, aliye jirani na ikweta, akiitafuta satelaiti iliyo juu ya nyuzi 36 za mashariki, huuinua ungo wake kwa nyuzi zaidi ya 80, karibu utosini. Ungo unaweza kulala chali juu ya paa, na mpita njia kichochoroni asiwe na habari nao. Mkaazi wa Stockholm, hata akipata satelaiti iliyo kusini yake barabara, huipata kwa nyuzi 23 tu kutoka upeo wa macho. Ungo wake hauna budi kusimama wima na kutazama kusini. Naye akiwa mpangaji wa ghorofa, asiye na paa lake, kusini huwa ni ukuta mmoja au dirisha moja. Ugomvi wote na sheria ulianzia hapo.

Nchini Uingereza nyungo zilishika kuta baada ya Sky kuanza matangazo yake Februari 1989. Kanuni za England, katika toleo la mwaka 2015, humruhusu mwenye nyumba kuweka antena mbili bila ya kuomba kibali: moja isiyozidi sentimita 100, ya pili isiyozidi 60. Katika mitaa iliyohifadhiwa kwa ajili ya historia yake, ruhusa hiyo haifiki kwenye dohani, ukuta wala mteremko wa paa unaoelekea barabara na kuonekana kutoka huko. Tena chombo kisipohitajika, kiondolewe. Neno linalobeba kanuni hizi ni kuonekana. Haki ya mpita njia imepimwa kwa sentimita. Aliye ndani, na lugha anayotaka kuisikia, hakupimiwa kitu.

Marekani ilishika njia nyingine. Sheria yake ya mawasiliano ya mwaka 1996 ilizaa kanuni iliyobatilisha makatazo mengi ya serikali za mitaa na ya jumuiya za wenye nyumba juu ya nyungo zisizozidi mita moja. Mwaka 1999 wapangaji wenye roshani zao wenyewe nao wakaingizwa. Usalama na majengo ya kihistoria yaliachiwa mlango. Shabaha kubwa ilikuwa biashara, yaani kuzipa kampuni za kebo mshindani, lakini mpangaji naye alifaidika.

Kesi iliyoligusa jambo hili katika kiini chake ilitoka Sweden. Familia moja yenye asili ya Iraki, baba, mama na watoto watatu, ilipanga katika kiunga cha Stockholm tangu mwaka 1999 na kuukuta ungo umeshafungwa ukutani. Kwa ungo huo walipata vipindi vya Kiarabu na Kifarsi. Mkataba wa upangaji ulikataza mabango, vizuia-jua na antena za nje pasipo idhini, na mwenye jengo akataka uondolewe. Familia ikautoa ukutani, ikauning'iniza kwenye mkono wa chuma uliopitishwa dirisha la jikoni. Baraza la upangaji liliwapa haki. Mahakama ya rufani, Desemba 2005, ikampa mwenye jengo. Mwaka uliofuata walihama, kwenda mji ulio mbali kwa zaidi ya kilomita 100.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, ilitoa hukumu tarehe 16 Desemba 2008: haki ya kupokea habari ilikuwa imevunjwa. Majaji walisema kwamba habari za siasa si kitu pekee anachokihitaji mhamiaji. Utamaduni na hata burudani vina uzito wake kwa wazazi wanaotaka watoto wasiipoteze lugha, na gazeti au redio haviwezi kuijaza nafasi hiyo. Mshairi yeyote angaliwaambia hayo mapema.

Waliongeza jambo ambalo wapenzi wa miji ya kale wanapaswa kulisoma mara mbili. Jengo lenyewe, walisema, lilikuwa la kupangisha tu, lisilo na dai kubwa la uzuri. Je, lingalikuwa nalo? Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Humo nako mna kuta za chokaa na matumbawe zenye dai kubwa mno, na nyuma ya kuta hizo mna watu wenye jamaa Maskati na Dubai. Majaji wa Strasbourg hawakulazimika kulijibu swali hilo, kwani jengo lililofikishwa mbele yao lilikuwa ghorofa la kawaida.