Kiungo kutoka Ncha ya Ziwa: Maisha ya Gaël Bigirimana katika Historia ya Ukimbizi

Historia ya wachezaji kandanda wa Afrika ya Mashariki na Kati huandikwa aghalabu kama orodha ya vilabu, mabao na vikombe. Utaratibu huo haumtoshi mchezaji aliyezaliwa katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ambako Uvira na Bujumbura hutazamana kutoka pande mbili za maji, na ambako mpaka huvukwa na wavuvi, wachuuzi na, mara nyingi mno, wakimbizi.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa katika jaribio la mapinduzi ya kijeshi. Siku ya pili yake Gaël Bigirimana alizaliwa mjini Bujumbura. Mauaji yaliyofuatia yaliwafanya maelfu kwa maelfu ya Warundi wakimbilie Rwanda, Tanzania na Zaire. Wengi wa waliokwenda Zaire walipokewa katika makambi ya Uvira na bonde la Ruzizi. Hifadhi hiyo haikudumu, kwani mnamo Oktoba 1996 vita vilivyomwangusha Mobutu vilifika Uvira na makambi yakatawanyika. Baadaye mkondo uligeuka. Wakongo waliokimbia kutoka upande wa Uvira, wengi wao Banyamulenge, walihifadhiwa Gatumba nchini Burundi, na huko zaidi ya 150 kati yao wakauawa usiku wa tarehe 13 Agosti 2004.

Mwaka huohuo wa 2004 Bigirimana aliwasili Uingereza akiwa mtoto wa familia ya wakimbizi. Huko Coventry aliomba mwenyewe kujaribiwa katika timu ya vijana ya klabu ya mji huo, akakubaliwa. Alianza kuichezea timu ya wakubwa Agosti 2011, na mwaka 2012 akanunuliwa na Newcastle United. Akawa Mrundi wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na Desemba 2012 aliifunga Wigan.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mrama. Nafasi ya kucheza ilipungua. Mwaka 2015 alipelekwa kwa mkopo Rangers ya Glasgow, lakini vipimo vya afya vilimzuia, asicheze hata mechi moja. Alirejea Coventry, na Aprili 2017 akafunga bao katika fainali ya EFL Trophy uwanjani Wembley, Coventry ikiishinda Oxford United 2-1. Msimu huohuo klabu ilishuka hadi daraja la nne. Alihamia Motherwell ya Uskoti, ambayo ilishindwa na Celtic katika fainali mbili, Novemba 2017 na Mei 2018.

Mwaka 2022 alijiunga na Young Africans ya Dar es Salaam, ingawa hakukaa muda mrefu. Klabu hiyo ilikwisha kumpokea mzaliwa mwingine wa Bujumbura, Shabani Nonda, aliyezaliwa mwaka 1977 na kuichezea timu ya taifa ya Kongo. Nonda alipitia Yanga akielekea Ulaya, hata akafika Monaco iliyocheza fainali ya Klabu Bingwa Ulaya mwaka 2004. Bigirimana alifika Yanga akitokea Ulaya. Njia zao zilipishana, lakini chimbuko lao ni mwambao mmoja.

Washabiki humwita mchezaji wa namna hii kipaji kilichopotea. Hukumu hiyo ina kasoro. Humpima mtu kuanzia siku aliyosaini mkataba mkubwa, kana kwamba maisha yake yalianzia hapo, na kuhesabu kila klabu ndogo iliyofuata kuwa ni anguko. Ukianzia Oktoba 1993 hesabu hubadilika. Ugonjwa, benchi na mikataba mifupi ni misukosuko ya kazi, nayo huwapata wachezaji wa kila taifa. Vita na ukimbizi ni misukosuko ya historia, nayo iliwapata watoto wengi wa Bujumbura na Uvira ambao hawakufika kwenye kiwanja chochote. Mwanahistoria anayechanganya aina hizi mbili humlaumu mchezaji kwa yale yaliyotendwa na watawala na majeshi. Tena huwasahau wale ambao majina yao hayakuingia katika orodha yoyote, ilhali mwambao huo uliwapoteza wao pia.