Malkia wa Tabora

Siku ile kibanda cha video mtaani kwetu Tandika kilijaa hadi watu wakakalia ndoo. Sinema yenyewe The Swarm, ya mwaka 1978: nyuki kutoka Afrika wanavamia Marekani, treni inaanguka, jeshi linahaha. Tulicheka weee! Tulipotoka mshkaji mmoja akauliza, "Afrika ipi hiyo?" Nikanyamaza. Babu yangu kule Sikonge ametundika mizinga ya magome tangu kabla baba hajazaliwa, nami sikutaka mtu ajue kwamba ada yangu ya shule ilitoka kwenye madebe ya asali.

Kumbe Afrika hiyo ni pamoja na Tabora. Mwaka 1956 Mbrazili Warwick Kerr, mtaalamu wa urithi wa viumbe, alikuja kutafuta malkia wa nyuki. Wengi aliwapata Afrika Kusini. Tabora ya Tanganyika nayo ikachangia. Brazili walikuwa na nyuki wa Ulaya, walioletwa mwaka 1839, wapole lakini asali yao haba kwenye joto lile. Kerr alitaka kuwachanganya, apate nyuki mchapakazi mwenye adabu.

Mizinga ikawekwa karibu na Rio Claro, jimbo la São Paulo, ikiwa na vizuizi vya matundu: nyuki kibarua anapenya, malkia mwenye umbo kubwa hapenyi. Mwaka 1957 mfugaji mmoja aliyepita pale akaona vizuizi vinawasumbua vibarua, akaving'oa. Makundi 26 yakaondoka na malkia wao. Basi!

Hapa, msomaji, ndipo sinema ilipodanganya. Nyuki wa Ulaya anaweka akiba ya majira ya baridi na kung'ang'ania nyumba. Wa kwetu amezoea ukame, moto wa msituni na nyegere. Kukiharibika, kundi zima linajaza asali tumboni na kuhama. Mara nyingi hugawanyika, malkia mmoja huku, mwingine kule. Akichoma mmoja, huacha harufu kama ya ndizi mbivu, na wenzake huifuata. Sumu yake haiishindi ya nyuki wa Ulaya, ila yule anatoka na wenzake kumi, huyu anatoka na ukoo. Angani nako madume yao waliwawahi malkia wa Ulaya. Wakasonga kilometa 300 hadi 500 kwa mwaka: Mexico 1986, Texas 1990.

Watu walikufa, mifugo ikafa. Hilo halina mzaha. Lakini lile jina la "nyuki muuaji" liliuza magazeti, na Kerr akabebeshwa lawama yote. Jeshi lilipotwaa nchi mwaka 1964 alitiwa ndani pia, maana alikuwa na mdomo.

Kinachoniudhi mimi ni neno "mvamizi". Huyo wa Ulaya naye alishuka melini! Wenyeji wa kule ni nyuki wadogo wasio na mwiba, ambao Wamaya wa Yucatán waliwafuga kabla Mhispania hajatia mguu. Wao wanabanwa na wageni wote wawili, tena misitu inakatwa, na hakuna aliyewatengenezea sinema.

Wafugaji wa Brazili waliokimbia mwanzoni walirudi, wakajifunza kuvaa nguo nzito, kuweka mizinga mbali na nyumba na kuzalisha makundi yenye hasira kidogo. Leo Brazili inauza asali nchi za nje kwa meli, na ni ya nyuki haohao.

Likizo iliyopita nilimsimulia babu yote haya tukiwa chini ya mninga, yeye akichonga kifuniko cha mzinga. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Huko nyegere yupo?"

"Hayupo, babu. Na kuna kisiwa, Puerto Rico, walifika mwaka 1994, siku hizi wamepoa kabisa."

Akapuliza vumbi la mbao.

"Hao sasa si wa kwangu," akasema, akanipa kamba nipande.