Kutazama Bila Kuwinda: Historia ya Matembezi ya Wanyama katika Tambarare za Machakos

Desturi ya kuwatembelea wanyama kwa ajili ya kuwatazama tu, ambapo mtu huacha shughuli zake, hulipa kiingilio na kutumia saa kadhaa akiwaangalia viumbe asiokusudia kuwawinda, kuwafuga wala kuwauza, imestawi duniani kwa njia mbili zisizofanana. Katika miji ya Ulaya ilikulia ndani ya bustani za wanyama, yaani viwanja vilivyozungushiwa kuta na kugawanywa vizimba, ambavyo kikongwe zaidi kinachodumu hadi leo ni kile cha Schönbrunn mjini Vienna, kilichoanzishwa mwaka 1752. Bustani ya London ilifunguliwa mwaka 1828 kwa wanachama wa jumuiya ya wataalamu wa elimu ya wanyama, ikawaruhusu watu wote kuanzia mwaka 1847, na mwaka 1853 ikaongeza akwaria, yaani jengo la matangi ya kioo ya kuonyeshea samaki na viumbe wengine wa majini. Katika tambarare za Athi na Kapiti, zilizoenea upande wa magharibi na kusini wa mji wa Machakos nchini Kenya, mpangilio ulikuwa kinyume: wanyama walikuwa wazi na mtazamaji ndiye aliyefungiwa, kwanza ndani ya behewa la treni na baadaye ndani ya gari, na uzio ulichelewa kwa miongo mingi. Kwa sababu hiyo, historia ya starehe hii katika eneo hilo haiwezi kutenganishwa na historia ya ardhi, kwa kuwa swali la nani amtazame mnyama lilitanguliwa daima na swali la nani aruhusiwe kukaa mahali mnyama anapopata malisho.

Kabla ya ukoloni Wakamba waliwajua wanyama wa tambarare hizo kwa sababu za kazi. Mwindaji aliyebeba uta na mishale iliyopakwa sumu ya mti alilazimika kufahamu nyayo, mkondo wa upepo na mazoea ya kila kundi, na ujuzi huo ndio uliolisha biashara ya pembe za ndovu ambayo misafara ya Wakamba iliiendesha kati ya bara na Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mfanyabiashara mashuhuri wa zama hizo alikuwa Kivoi wa Kitui, mwenyeji wa mmisionari Ludwig Krapf aliyefika Ukambani mwaka 1849, naye aliuawa mwaka 1851 akiwa safarini kuelekea Mto Tana. Pwani nayo ilikuwa imezoea tangu zamani kumwona mnyama hai akisafirishwa kama zawadi ya kifalme, kwani mwaka 1415 ujumbe kutoka Malindi ulimpelekea mfalme wa China twiga aliyestaajabiwa sana katika kasri lake. Hata hivyo, si mwindaji wa Ukambani wala nahodha wa Malindi aliyehesabu kutazama wanyama kuwa shughuli inayojitegemea. Kwa mmoja ilikuwa sehemu ya riziki, na kwa mwingine sehemu ya heshima baina ya watawala.

Mabadiliko yalianza na kuwasili kwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1889 ilijenga kituo Machakos na kukifanya kuwa makao yake makuu ya kwanza ya bara. John Ainsworth alikisimamia tangu mwaka 1892, katika mwongo ambao Ukambani iliandamwa na misiba mfululizo: sotoka, ugonjwa ulioangamiza ng'ombe na wanyamapori wa jamii yao mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha njaa kuu ya mwaka 1898 na 1899 ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye. Reli ya Uganda iliyofika Nairobi mwaka 1899 haikupanda vilima vya Machakos, bali ilipita katika tambarare kupitia Kapiti na Mto Athi, na mwaka huohuo makao ya mkoa yakahamishiwa Nairobi. Mji ulipoteza cheo chake, lakini tambarare zilizokuwa nje yake zilipata kitu ambacho hazikuwahi kuwa nacho, yaani abiria waliopita kila safari wakiwa na nafasi ya kutazama na wasiwe na kazi nyingine ya kufanya.

Sheria iliifanya nafasi hiyo kuwa ya pekee. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ilitenga Hifadhi ya Kusini, eneo kubwa kati ya reli na mpaka wa koloni la Wajerumani ambamo uwindaji ulipigwa marufuku, na kwa kuwa njia ya reli ndiyo iliyokuwa mpaka wake, makundi ya nyumbu, punda milia, kongoni na swala yalizoea kulisha karibu na mataruma bila kushtushwa na treni. Shirika la reli lilitambua thamani ya mandhari hayo, na matangazo yake ya mwaka 1908 hivi yaliwaita wageni matajiri wa Ulaya kuja kuona, kutoka katika mabehewa, kile lilichokisifu kuwa hifadhi ya asili ya wanyama iliyo kubwa kuliko zote duniani. Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni alipozuru mwaka 1907, alisafiri sehemu ya njia hiyo akiwa ameketi kwenye benchi lililofungwa mbele ya kichwa cha treni, na Theodore Roosevelt akafanya vivyo hivyo mwaka 1909, majuma machache baada ya kuondoka katika urais wa Marekani. Kiti hicho cha mbele kilikuwa, kwa maana halisi, jukwaa la kwanza la watalii kutazamia wanyama katika nchi ya Machakos.

Safari ya Roosevelt inaonyesha pia jinsi kutazama, kuwinda na kukusanya kulivyokuwa bado hakujatengana. Alishuka katika stesheni ya Kapiti, akakaribishwa na Sir Alfred Pease katika shamba la Kitanga, akawinda simba katika tambarare hizo, akahamia Kilimakiu kwenye shamba lililofugiwa mbuni, kisha akaenda Juja kwa Mmarekani William Northrup McMillan, na vielelezo alivyovikusanya vilihifadhiwa na kupelekwa katika jumba la makumbusho la Washington. Mwaka huohuo McMillan aliipa serikali ya Marekani wanyama hai aliokuwa akiwafuga, wakiwamo simba, chui na duma, na ofisa wa bustani ya taifa ya wanyama ya Washington akaja kuwachukua na kuwavusha bahari. Bustani hiyo haikutoza kiingilio, hivyo kibarua wa Washington angeweza siku ya Jumapili kumtazama bure simba wa Afrika Mashariki, ilhali Mkamba aliyeishi jirani na makundi yaleyale aliyaona tu akiwa mpagazi wa msafara wa mgeni, au akiwa mshtakiwa, kwa kuwa sheria za uwindaji zilidai leseni ambayo wenyeji wengi hawangeweza kuipata, na mshale wa sumu ukahesabiwa kuwa silaha ya ujangili.

Nyuma ya tofauti hiyo ilikuwapo ramani ya ardhi. Wakamba wa Machakos walibanwa ndani ya eneo lao la vilima lililotangazwa mwaka 1906, na sehemu kubwa ya tambarare za Kapiti na Athi, ambako hapo awali walilisha mifugo katika majira ya mvua, ikagawiwa walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Ng'ombe walipojazana katika vilima na udongo ukaanza kumomonyoka, serikali ililaumu wingi wa mifugo badala ya ufinyu wa eneo, na mwaka 1938 ikaanza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao na kuwauza kwa bei ya chini, huku kiwanda kipya cha nyama cha Liebig kikisubiri pale Athi River. Maelfu ya wanaume, wanawake na watoto walitembea kwa miguu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko kwa majuma kadhaa wakidai kumwona gavana. Muindi alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini unyang'anyi ule ukasitishwa. Katika miaka hiyohiyo Mervyn Cowie, mlowezi aliyetaka wanyama wa pembezoni mwa Nairobi walindwe, aliandika gazetini kwa jina la bandia barua iliyopendekeza wanyama wote wauawe, akiwa na nia ya kuwachokoza wasomaji wapinge, nao wakapinga. Sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa mwaka 1945, na Desemba 1946 ikafunguliwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117. Hifadhi ya taifa, tofauti na maeneo yaliyotengwa hapo awali, ilikuwa ardhi ambamo hakuna aliyeruhusiwa kuishi, kulisha mifugo wala kuwinda, na mgeni aliingia kwa kulipa na kukaa ndani ya gari. Upande wake wa kusini uliachwa wazi ili nyumbu na punda milia watoke wakati wa mvua kwenda tambarare za Athi na Kapiti, na kwa hivyo starehe ya Nairobi ilitegemea malisho yaliyo nje ya mipaka ya hifadhi, mengine yakiwa upande wa Machakos.

Wakati huo wenyeji walikuwa tayari wamepata njia yao ya kuingia katika biashara ya kutazama, nayo ilipitia mbao. Mutisya Munge wa Wamunyu, mashariki ya mji wa Machakos, alijifunza uchongaji akiwa Tanganyika katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na aliporejea nyumbani akawafundisha jamaa na majirani, hata kazi hiyo ikawa tegemeo la kijiji kizima na baadaye ikapangwa katika chama cha ushirika. Twiga, tembo, vifaru na swala wa Wamunyu waliuzwa mitaani Nairobi na Mombasa kwa wageni waliotaka kuondoka na kumbukumbu ya walichokiona, na chama cha wachongaji wa Kikamba kilichoanzishwa Changamwe mwaka 1963 kiliipanua biashara hiyo pwani. Wachongaji wengi walimchonga mnyama ambaye hawakuwa na gari wala kiingilio cha kwenda kumtazama, wakiongozwa na mapokeo ya karakana na macho ya wanunuzi.

Hali hiyo ilianza kubadilika karibu na uhuru. Nairobi ilipata bustani ya nyoka mwaka 1961, katika uwanja wa makumbusho ya taifa, ambayo pamoja na nyoka na mamba ilionyesha samaki, na mwaka 1964 yakafunguliwa, kwenye lango la hifadhi ya taifa, makao ya wanyama yatima, yaani mahali pa kuwatunzia wanyama waliofiwa na mama zao au waliojeruhiwa, ambapo mtembeaji wa miguu asiye na gari angeweza kumkaribia simba au duma. Hatua kubwa zaidi ilichukuliwa na wanafunzi: mwaka 1968 Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya viliundwa kutokana na juhudi za wanafunzi Wakenya, vikaenea katika shule za nchi nzima, vikawa na jarida lao liitwalo Komba, na vikawapeleka wanachama mbugani kwa basi. Katika vilabu hivyo kutazama wanyama kulipata kwa mara ya kwanza sura ya mapenzi yanayoshirikiwa na vijana wa Kiafrika, wenye daftari za majina ya ndege na swala, mashindano ya insha, na safari zilizozungumzwa muhula mzima. Kwa shule za Machakos safari ya siku moja ilitosha kufika Nairobi na kurudi, au kwenda Ol Donyo Sabuk, mlima ambao huitwa pia Kilimambogo kwa sababu ya nyati wake, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967 na ambao juu yake limo kaburi la McMillan, aliyefariki mwaka 1925. Safari ndefu ilifika Mombasa, ambako machimbo ya kampuni ya saruji ya Bamburi, yaliyopandwa miti chini ya uongozi wa René Haller, yalifunguliwa kwa wageni mwaka 1984 yakiwa na kobe, viboko na mabwawa ya samaki.

Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini kote mwaka 1977, wenye mashamba ya tambarare waliulizana kwa nini waendelee kuwavumilia nyumbu wanaogombania nyasi na ng'ombe. David Hopcraft alijibu kwa kuzungushia uzio shamba lake karibu na Athi River, lenye ukubwa wa hekta 8,000 hivi, na kufuga humo wanyamapori wenyewe, ambao baadhi walichinjwa kwa kibali na nyama yao kuuzwa katika hoteli za Nairobi. Mnamo miaka ya 1990 Shirika la Huduma za Wanyamapori liliyaruhusu mashamba mengine ya Machakos kufanya hivyo kwa majaribio, lakini majaribio hayo yalisimamishwa mwaka 2003, na shamba la Hopcraft likageukia wageni, likijulikana sasa kwa jina la Swara Plains. Jirani yake liko shamba la Kapiti la taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, lenye hekta 13,000 hivi, ambako ng'ombe wa utafiti na wanyamapori hulisha pamoja. Kwingineko viwanda, machimbo na viwanja vya nyumba vimeenea kutoka Athi River hadi Lukenya, na ekari 5,000 za lililokuwa shamba la Malili zimetengwa kwa mji wa teknolojia wa Konza. Reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 inapita katika nchi ileile ya mwaka 1899, ila idadi ya nyumbu wanaohama kati ya Nairobi na tambarare imeporomoka, na abiria huona kwanza nguzo za uzio.

Matokeo ya mwendo huo ni kwamba mipaka kati ya mbuga na bustani ya wanyama, iliyokuwa wazi kabisa zama za Roosevelt, imefifia katika Machakos. Mnyama anayezungukwa na waya pande zote, ambaye huchimbiwa maji na idadi yake kuhesabiwa na mwenye shamba, anaishi karibu zaidi na mwenzake wa Washington kuliko na wahenga wake waliovuka reli. Upande wa pili, mtazamaji ameongezeka na kubadilika, kwa kuwa mjukuu wa mpagazi leo anaweza kuwa mwanachama wa kilabu, mwongozaji wa wageni au mtazamaji wa ndege, na ada ya mwenyeji ni ndogo kuliko ya mgeni. Hata hivyo, upendo huo ulioenezwa na shule haukuambatana na haki juu ya malisho, kwani hatima ya makundi yaliyosalia imo mikononi mwa wamiliki wa mashamba machache na wanunuzi wa viwanja, na kiingilio kinachotozwa katika lango la hifadhi ya taifa kwa kawaida hakimlipi mwenye ekari kumi nje yake ili asiziuze. Mtindo wa kutazama uliozaliwa katika tambarare hizi ulitegemea ardhi iliyoachwa wazi kwa kuwafungia wenyeji vilimani. Ukitakiwa kudumu sasa, hauna budi kugharimiwa kwa makubaliano na wenye ardhi, ambao miongoni mwao wamo wazawa wa walewale waliozuiwa kuikanyaga.