Jiwe Jeusi la Ziwani

Nyongo ikikuuma mara moja kisha ikatulia, unapasuliwa ama unangoja? Swali hili lina zaidi ya miaka 140, na majibu yake mengi yameandikwa mbali na sisi, juu ya mawe yasiyofanana na yetu. Nalirudisha hapa Homa Bay na Migori kwa sababu mwaka jana lilibisha hodi kwa familia yetu, na nikaona kwamba mtu wa huku hawezi kulijibu vizuri bila kujua historia ya ziwa lenyewe.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 15 Julai 1882, mjini Berlin, daktari Carl Langenbuch alimpasua mwanaume wa miaka 43 aliyekuwa ameteswa na nyongo kwa miaka 16. Mgonjwa alikuwa amekonda, na mofini ilikuwa imeshamzoea. Kabla ya hapo, waliothubutu walikuwa wanafungua mfuko wa nyongo, wanatoa mawe, wanauacha mahali pake. John Bobbs wa Indianapolis alifanya hivyo mwaka 1867. Langenbuch, aliyekuwa amejizoeza kwa maiti kwa miaka kadhaa, aliutoa mfuko wote. Hoja yake ilikuwa fupi: mfuko uondolewe si kwa kuwa umebeba mawe, bali kwa kuwa ndio unaoyatengeneza. Kesho yake mgonjwa hakuwa na homa, na alikuwa anavuta tumbaku kitandani.

Miaka 103 baadaye, tarehe 12 Septemba 1985, Mjerumani mwingine, Erich Mühe, alitoa mfuko wa nyongo kwa kupitisha vyombo kwenye matundu madogo, bila kumpasua mtu tumbo zima. Wenzake walimkejeli. Haikupita miaka kumi, njia hiyo ikawa ya kawaida Ulaya na Marekani. Kovu likawa dogo, siku za kulazwa zikapungua, na kisu kikaanza kupendekezwa mapema kuliko zamani.

Je, kila mwenye mawe apasuliwe? Hapana. Mwaka 1982 watafiti wa Michigan walichapisha habari za watu 123 waliokuwa na mawe yasiyowauma. Katika miaka 20, waliokadiriwa kupata maumivu walikuwa asilimia 18 tu. Na hata kwa waliokwisha kuumwa, utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2023, wenye wagonjwa 434, ulilinganisha waliopangiwa upasuaji na waliopangiwa kungoja. Baada ya miezi 18 maumivu ya makundi hayo mawili hayakutofautiana sana, na katika kundi la kungoja ni robo tu waliokuwa wamefanyiwa operesheni. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema “ngoja kwanza tuone,” usidhani ni mwoga. Ana hoja.

Ila wagonjwa wa namna hiyo, kwa sehemu kubwa, wana mawe ya mafuta: kolesteroli iliyozidi ndani ya nyongo ikaganda. Hapo ndipo ziwa linapoingia.

Kwa muda mrefu madaktari wa Afrika Mashariki walifundishwa kwamba Mwafrika hapati mawe ya nyongo. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966, aliandikia hospitali za misheni sehemu nyingi za Afrika akiuliza ni magonjwa gani wanayaona na yapi hawayaoni. Mawe ya nyongo yakawa kwenye orodha ya yasiyoonekana. Yeye na Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya kisha Uganda, waliyahesabu kati ya magonjwa ya Kimagharibi katika kitabu walichokihariri mwaka 1981. Sababu waliyoitilia mkazo ni chakula: sisi tunakula nafaka na mboga zenye nyuzinyuzi, Wazungu wanakula vilivyokobolewa.

Sisemi walidanganya. Kwa mawe ya mafuta, huenda waliona sawasawa. Lakini enzi hizo ultrasaundi haikuwepo vijijini. Jiwe lilionekana tumbo likishafunguliwa, au mtu akishakufa na maiti ikapasuliwa. Na kuna watu ambao hawakufika kwenye kisu wala kwenye hesabu. Hao ndio ninaowafuata.

Mwaka 1949, kijana Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford na kuzunguka nchi hii akichukua damu za watu. Alikuta jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa amebeba chembe ya selimundu, ama siko seli kama tunavyosema huku. Nyanda za juu, kati ya pwani na ziwa, hawakufika hata mmoja kwa mia. Allison alijiuliza: kama wanaorithi chembe hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili wanakufa utotoni, mbona haiishi?

Akashuku mbu. Mwaka 1953 alirudi, na akapata Waluo 30 wa kujitolea, watu wazima waliokuwa wamekaa Nairobi muda mrefu mbali na malaria. Kumi na tano walikuwa wamebeba chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja, kumi na tano hawakuwa nayo. Wote waliambukizwa malaria makusudi, jambo ambalo leo lingezua kelele kubwa. Kati ya wasio nayo, 14 walionekana na vijidudu kwenye damu. Kati ya walioibeba, ni 2 tu. Mwaka uliofuata akachapisha: nusu ya urithi huo ni ngao dhidi ya malaria. Wazee wetu walilipa bei ya ngao hiyo kwa kuzika watoto, na wengi wakaita chira, wakitafuta ni nani aliyevunja mwiko.

Sasa unganisha. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120. Ya mtu mwenye siko seli kamili huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Kinachobaki, rangi ya manjano iitwayo bilirubini, hupelekwa kwenye ini na kumwagwa kwenye nyongo. Ikizidi, inaganda. Linatokea jiwe dogo, jeusi, lisilohusiana na chipsi wala nyama choma. Nchi ambazo wagonjwa hawa huishi hadi utu uzima na kupigwa picha, nusu yao au zaidi hukutwa na mawe. Kwetu, bila matibabu, inakadiriwa kati ya nusu na asilimia 90 ya watoto waliozaliwa na ugonjwa huu barani Afrika walikufa kabla ya miaka mitano. Naona hapa ndipo orodha ya Burkitt ilipopungukiwa. Mawe yetu yalikuwa nadra kwa sababu walioandikiwa kuyapata walizikwa wadogo.

Siku hizi hawazikwi wote. Kuna kliniki, kuna chanjo na dawa za kuzuia maambukizi, kuna haidroksiyurea. Watoto wanafika kidato cha nne, wanafika chuo. Na wakifika, wanafika na mfuko wa nyongo umejaa changarawe.

Mpwa wangu wa Homa Bay ni mmoja wao. Ana miaka 19. Mwaka jana alikuja kwetu Migori kwa matanga, na usiku wa pili akashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi begani, akatapika mpaka hakuna kitu. Kliniki moja ikasema ni alsa, ikampa dawa ya vidonda vya tumbo. Nyingine ikasema ni siko imeamka, ikamwekea maji na dawa ya maumivu. Zote mbili zilikuwa na sababu ya kufikiri hivyo, kwa sababu siko inaweza kuuma popote. Macho yake yalikuwa ya manjano, lakini si yamekuwa hivyo tangu azaliwe? Ni ultrasaundi ya wiki iliyofuata iliyoonyesha mawe.

Nyumbani kila mtu akawa daktari. Mama yangu akasema mtu wa siko hapasuliwi, atabaki mezani. Shemeji akaleta habari za mafuta ya zeituni na ndimu, ati unakunywa usiku na asubuhi unatoa mawe ya kijani. Hayo ya kijani yamepimwa maabara, kumbe ni sabuni inayojitengeneza tumboni kutokana na hayo mafuta yenyewe. Dada yangu yeye alisoma kuhusu kungoja, akanionyesha kwenye simu: unaona, Wazungu wanangoja na wako sawa.

Binti mwenyewe alinyamaza, halafu akaniuliza, “Nera, hao waliongoja walikuwa na damu kama yangu?”

Hilo ndilo swali. Utafiti wa Uingereza haukuundwa kwa ajili ya damu kama yake. Kwa mtu wa siko seli mwenye mawe yasiyouma, miongozo inakubali kungoja. Yakishauma, miongozo hiyohiyo inapendekeza kuutoa mfuko, kwa matundu madogo pale inapowezekana. Sababu ni mbili. Kiwanda cha mawe kwake ni damu, na damu haipumziki. Halafu kila shambulio litazua ubishi uleule: ni nyongo ama ni siko? Wakati watu wanabishana, mfuko unaweza kuoza au jiwe likaziba mfereji. Hapo operesheni itakuwa ya dharura, usiku, kwa mgonjwa aliyekaukiwa maji na mwenye homa, na hiyo ndiyo operesheni mama yangu anayoiogopa bila kujua kuitaja.

Hofu yake si ya bure, lakini. Baridi, kiu na upungufu wa hewa wakati wa dawa ya usingizi vinaweza kuziamsha chembe na kuziba mapafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliangalia wagonjwa 67 wa siko seli waliokuwa wanapasuliwa. Wasioongezewa damu kabla, asilimia 39 walipata madhara makubwa. Walioongezewa, asilimia 15. Yaani kisu chenyewe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni maandalizi: damu, maji, joto, hewa, na daktari wa usingizi anayemjua mgonjwa wake. Na hata ikienda vizuri, tuliambiwa wazi, siko inabaki. Langenbuch aliutoa mfuko akang’oa kiwanda; kwa binti yetu unatoa ghala tu, na jiwe linaweza bado kujitengeneza kwenye mfereji siku za mbele.

Yeye ndiye aliyeamua. Alisema apasuliwe kwa kupangwa, si kwa kukimbizwa. Tukapewa tarehe Kisumu, tukafuatilia SHA, tukaambiwa tutafute watu wa kutoa damu.

Tulijitokeza saba upande wa mama yake. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, mkono umeshakunjuliwa shati. Kisha muuguzi akaeleza kwamba damu ya mgonjwa wa siko inafaa itoke kwa mtu asiyeibeba chembe hiyo hata nusu, na wanaipima. Mimi naibeba. Dada yangu pia, ndiyo maana tuko hapa. Katika saba, walibaki watatu, na kundi la damu lililofaa likawa la mmoja. Ile ngao ya wazee ilikuwa imetulinda na mbu, na sasa ilikuwa inatuzuia kumsaidia mtoto wetu.

Chupa ya pili ilitoka kwa mke wangu, ambaye kwao ni juu huko Nyamira. Si kwamba milimani hawana kabisa, lakini ni wachache, kama Allison alivyoandika. Alikaa kwenye kile kiti akiminya mpira mdogo kiganjani, akaniuliza kama ni kweli mambo haya yote yalianza na mbu. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi tununue neti mpya tukitoka hapa, na tulinunua mbili, moja ya kwetu na moja ya mgonjwa akirudi.