Kabla hujalipa ada: jinsi ya kuchagua sekondari binafsi, ya bweni au ya kutwa

Kila mwaka mtihani wa darasa la saba ukishaisha mwezi wa tisa, presha inahamia kwa wazazi. Mabango ya shule binafsi yanajaa barabarani, vipeperushi vinagawiwa mpaka kwenye daladala, na kila shule inasema yenyewe ndo ya kwanza. Shule nyingi zinafanya usaili kabla hata matokeo hayajatoka, na Januari mtoto anatakiwa awe darasani.

Sekondari za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, kwa hiyo anayekwenda binafsi ana anachokitafuta. Shida ni kwamba wengi wananunua mbuzi kwenye gunia. Haya hapa ni mambo ya kukagua. Yaandike kwenye karatasi, nenda nayo shuleni.

1. USAJILI

Omba kuona cheti cha usajili cha wizara. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka kila shule isajiliwe, na cheti kinaonyesha shule imeruhusiwa kutoa nini: bweni, kutwa au vyote viwili, wavulana, wasichana au mchanganyiko. Kuna shule imesajiliwa kutwa lakini inalaza watoto kwenye nyumba ya kupanga na kuiita "hosteli". Hapo uliza nani anawajibika usiku.

Uliza pia namba ya kituo cha mtihani cha NECTA. Shule mpya inaweza kuwa na majengo mazuri lakini haijawahi kutoa kidato cha nne hata kimoja. Siyo dhambi, ila ujue mapema kwamba mwanao ndo atakuwa wa majaribio.

2. MATOKEO (hapa ndo wengi wanaliwa)

Zamani watu walikuwa wanasubiri orodha ya kumi bora. Majina kama St. Francis Girls ya Mbeya, Feza na Marian yalizoeleka humo. Mwaka 2023, ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, NECTA ikaacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Lakini matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti yao, bure. Ukishindwa mwenyewe, mwombe kijana yeyote mwenye simu akufungulie.

Angalia hivi:

- Idadi kwanza. Shule yenye watahiniwa 15 wote divisheni 1 huwezi kuilinganisha na yenye watahiniwa 150.
- Pointi, siyo divisheni tu. Divisheni 1 inaanzia pointi 7 mpaka 17. Wa 7 na wa 17 wote wanaitwa divisheni 1, ila hawalingani.
- Masomo. Kama mtoto anapenda sayansi, shuka chini uone alama za fizikia, kemia na hesabu. Shule inaweza kuwa na divisheni 1 nyingi huku hesabu wamepata C na D.
- Miaka mitatu mfululizo. Mwaka mmoja unaweza kuwa bahati.

Sasa kuna hesabu moja ambayo shule haitakupigia. Chukua matokeo ya kidato cha pili ya 2022, hesabu waliofanya. Kisha chukua ya kidato cha nne ya 2024, shule hiyo hiyo. Hao ni watoto wale wale miaka miwili baadaye. Tuseme walikuwa 120 na sasa ni 78. Watoto 42 wamekwenda wapi?

Wengine wamerudia darasa, kwa sababu asiyefaulu upimaji wa kidato cha pili haendi cha tatu. Wengine wazazi wamehama au wameshindwa ada. Wakipungua watatu au watano ni kawaida. Theluthi ya darasa ikipotea, na kila mwaka ni hivyo, shule hiyo inachuja. Mtoto asiyefikisha wastani wa shule anaambiwa atafute kwingine, kisha bango linaandikwa "hakuna ziro".

Shule niliyosoma mimi ilikuwa na mtindo huo. Kidato cha pili tulikuwa mikondo mitatu, kidato cha nne tukabaki miwili. Bango la getini halikudanganya, ila halikuwataja walioondolewa. Na hao ndo waliohitaji mwalimu kuliko sisi tuliobaki.

Kwa hiyo mwulize mkuu wa shule maswali mawili: wastani wa kuvuka darasa ni ngapi? Asiyefikisha mnamfanya nini? Jibu lake liwe kwenye maandishi, maana ukiambiwa "mhamishe" mtoto akiwa kidato cha tatu, ada ya miaka miwili imeshakwenda na shule nyingi hazipokei mtu wa katikati.

3. BWENI AU KUTWA?

Bweni linampa mtoto muda. Hakuna foleni, hakuna kazi za nyumbani, prepo ipo kila jioni. Kwa mtoto wa Mbagala au Kibamba anayeamka saa kumi usiku kuwahi basi, hilo ni jambo kubwa. Kutwa nako kuna faida zake: unamwona kila siku, akianza kubadilika unajua mapema, na anakula kwenu.

Kosa ninaloliona ni kumpeleka bweni "akanyooke". Mwalimu mmoja wa zamu na matroni mmoja kwa wasichana mia hawawezi kufanya kazi iliyomshinda mzazi mwenye mtoto mmoja. Kama kijana ana tatizo, liseme shuleni kabla hajapokelewa.

4. USALAMA

Hapa usione aibu kuuliza. Juni 1994 bweni la sekondari ya wasichana Shauritanga, Rombo, liliungua, wasichana 42 wakafa. Septemba 2024 jirani zetu Kenya, shule ya Hillside Endarasha kule Nyeri, wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni. Ingia bwenini, siyo kuonyeshwa picha ofisini. Angalia:

- Milango mingapi, na inafunguka kwenda nje? Usiku inafungwa kwa kufuli? Funguo anazo nani?
- Madirisha yana nondo zisizofunguka?
- Vitanda vya dabo deka vimebanana kiasi gani?
- Vizima moto vipo, na wanafunzi wanajua kuvitumia? Waulize wenyewe.
- Maji na vyoo. Nenda ukavione.

Kwa kutwa, kagua basi. Mei 6, 2017 gari la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Uliza mikanda, watoto wangapi kwa gari moja, na kama kuna mtu mzima mwingine zaidi ya dereva.

5. VIBOKO

Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Msichana anachapwa na mwalimu wa kike. Omba kukiona hicho kitabu. Ukiambiwa hakipo, usidhani hawachapi.

6. ADA KAMILI

Ada ya kwenye bango siyo utakayolipa. Mfano wa hesabu ya mwaka wa kwanza, bweni (tarakimu ni za kuonyesha tu, weka za kwako):

Ada 2,400,000
Sare, godoro, vifaa 380,000
Michango (matibabu, mitihani, tahadhari) 270,000
Nauli za likizo 160,000
Kambi ya masomo ya likizo 200,000
JUMLA 3,410,000

Yaani zaidi ya milioni 1 juu ya ada. Omba fomu ya kujiunga kabla ya kulipa chochote, ndo yenye orodha yote. Uliza pia mtoto akiondoka katikati ya mwaka, hela inarudi? Lipa benki, tunza risiti. Na usihesabu mwaka mmoja, hesabu minne.

7. MTAALA

Sasa kuna mtaala mpya wa sekondari wenye mikondo miwili, elimu ya jumla na elimu ya amali. Uliza shule inafundisha upi. Wakisema amali, waonyeshe karakana. Wakisema sayansi, waonyeshe maabara, na muulize mwanafunzi mara ya mwisho aliingia lini.

8. MTOTO MWENYEWE

Mpeleke akaione shule, siku ya kawaida ya masomo na siyo siku ya mahafali. Ongea na wanafunzi bila mwalimu kusimama pembeni. Uliza chakula, uliza nani wanamwendea mtu akiumwa usiku. Wakiangaliana kabla ya kujibu, jibu umeshalipata.

Mwisho, shule ya kwanza kwa matokeo siyo lazima iwe ya mwanao. Tafuta ambayo mtoto wa wastani akiingia anabaki, na akitoka anakuwa amepanda. Hiyo hesabu ya kidato cha pili na cha nne itakuonyesha, na haikugharimu hata shilingi.

Wazazi na walimu mliomo humu, ongezeeni niliyoyaacha. Na mliosoma bweni, semeni ukweli wenu hapo chini.

Nawasilisha.