Historia ya Kutafuta Chanzo cha Mtetemo wa Gari Wakati wa Theluji

Magari ya mwanzo yalitetemeka mwaka mzima. Injini, magurudumu ya mbao na barabara mbovu vilitikisa kila kitu, hata baridi ikawa haina dalili yake yenyewe. Dalili hiyo ililetwa na minyororo. Mwaka 1904 Harry D. Weed, mkazi wa jimbo la New York, alipata hataza ya minyororo ya kufungwa kwenye tairi ili zishike theluji. Kila pingili iliyopita chini ya tairi iliinua gari kidogo. Mtetemo huo haukumsumbua fundi, kwa kuwa chanzo chake kilionekana kwa macho.

Ufini ndiko tairi zenyewe zilikoanza kuchukua nafasi ya minyororo. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira cha Suomen Gummitehdas, mjini Nokia, kilitoa tairi ya malori iliyobuniwa kwa ajili ya theluji. Mwaka 1936 ikafuata ya magari madogo, Lumi-Hakkapeliitta. Tairi zenye meno makubwa yaliyoachana huvuma na kutetema zikikanyaga lami kavu, na dereva asiyezizoea hudhani gari limeharibika. Tangu hapo fundi wa nchi za baridi alilazimika kujua ni mtetemo upi wa kawaida na upi wa hitilafu.

Kadiri mwendo ulivyoongezeka, suala la mizani ya gurudumu likawa kubwa. Elimu ya kusawazisha vitu vinavyozunguka ilikomaa kwanza kwenye viwanda vya mitambo mwanzoni mwa karne ya 20, hasa Darmstadt, Ujerumani, kwenye kampuni ya Carl Schenck, kisha ikafika gereji. Kanuni yake ni moja: nguvu inayovuta upande mzito hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka mara 2, nguvu hiyo huongezeka mara 4.

Hapo ndipo theluji inapofanya hila yake kubwa. Gari likipita kwenye theluji nzito, sehemu yake hujibana ndani ya rimu. Likiegeshwa, joto la breki huiyeyusha, maji hushuka chini ya rimu, na usiku huganda upande mmoja tu. Barafu ya gramu 200 kwenye rimu ya kawaida ya gari dogo, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 30, tena mara 14 hivi kila sekunde. Usukani hutikisika vibaya sana, ingawa hakuna kilichovunjika.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, nyuzi za nailoni ziliingia kwenye tairi na kuleta mkanganyiko mwingine. Tairi iliyopata moto njiani, ikisimama kwenye baridi usiku kucha, ilibaki bapa pale ilipogusa ardhi. Asubuhi gari lilidunda, na baada ya mwendo wa kutosha tairi ilipata joto na mdundo ukaisha. Mafundi walijifunza kuuliza swali ambalo bado ni la msingi: mtetemo unaisha gari likipata joto, au unaendelea? Katika miaka ya 1960 nyuzi za poliesta zilipunguza sana tatizo hilo.

Chumvi ya kuyeyushia barafu, iliyoenea Marekani na Ulaya baada ya vita, ilileta madhara yasiyoyeyuka. Kutu ikijaa kwenye habu, rimu haikai sawa hata nati zikikazwa. Ikila diski za breki, usukani hutetemeka wakati wa kufunga breki. Desturi ya kubadili tairi kila msimu iliongeza nafasi za kukosea. Québec, Kanada, ilifanya tairi za theluji kuwa lazima wakati wa baridi kuanzia mwaka 2008. Mtetemo unaoanza siku ileile ya kubadili tairi humwelekeza fundi kwenye nati, kutu ya habu au vizito vya kusawazisha vilivyodondoka.

Kutokana na hayo yote ulikua utaratibu unaofuatwa hadi leo. Kwanza rimu husafishwa ndani na nje. Kisha huangaliwa mtetemo unasikika wapi: ukiwa kwenye usukani, magurudumu ya mbele hushukiwa, ukiwa kwenye kiti, ya nyuma. Unaotokea wakati wa breki tu ni wa diski, na unaozidi gari likivuta ni wa shafti au viungo vyake. Mashine za kompyuta zimeongeza usahihi, lakini barafu imebaki kuwa kesi ngumu. Gari likiingia gereji yenye joto, barafu huyeyuka kabla ya gurudumu kupandishwa kwenye mashine, na kipimo huonyesha mizani timilifu. Ndiyo maana fundi mzoefu wa nchi hizo hukagua rimu gari likiwa bado nje, na humuuliza mwenye gari lililala wapi na lilipita njia ipi.