Dhiki, Neno Lililoacha Maji Nyuma

Waingereza wana neno strait: mkondo mwembamba wa bahari kati ya nchi mbili. Wakilitia wingi, straits, linakuwa hali ngumu, mtu kubanwa. Asili yake ni Kilatini strictus, yaani kilichokazwa.

Na sisi je? Maji tunayaita mlango wa bahari, shida tunaiita dhiki. Unaweza kudhani hayahusiani. Lakini dhiki kwa Kiarabu ni wembamba, na madhiq, jina la mahali kama Hormuz, ni ndugu yake wa damu. Neno lilipofika pwani yetu likashika shida na kuacha maji nyuma.

Sasa twende Hanang, mbali na bahari, tulione neno hili likirudia maana yake ya kwanza. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma NAFCO lilifungua mashamba ya ngano ya karibu ekari 100,000 katika tambarare za Basotu. Kwa mpangaji ofisini, ile ilikuwa ardhi tupu. Kwa Wabarbaig ilikuwa malisho, makaburi ya wazee na njia za kupeleka ng'ombe majini. Njia zikazibwa, mifugo ikasongamana kwenye vipande vilivyobaki. Dhiki hiyo ungeweza kuipima kwa hatua za miguu. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa haki, halafu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo kwa sehemu kubwa.

Kisha ikaja tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa ililegeza ubavu wa Mlima Hanang, tope, mawe na magogo yakashuka kwa kufuata mikondo myembamba ya maji hadi Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Maji membamba na hali ngumu vikakutana, bila msaada wa kamusi.

Methali yetu husema baada ya dhiki, faraja. Faraja nayo, kwa mzizi wake wa Kiarabu, inatokana na kufungua, kuacha upenyo. Basi wazee hawakuwa wanatubembeleza tu. Aliyebanwa hatoshelezwi na pole: anahitaji njia ifunguliwe. Wafugaji wa Basotu walidai hicho hasa.